Kakai Kilonzo na Kiswahili cha Wafanyakazi: Wimbo wa Benga Katika Enzi ya Disko

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya umezoea kutazama pande mbili. Upande wa kwanza ni pwani, chimbuko la tenzi na mashairi ya arudhi. Upande wa pili ni darasa, ambamo husomwa riwaya na tamthilia zilizoteuliwa kutahiniwa. Baina ya pande hizo limebaki eneo pana lisilo na mhakiki. Hilo ni eneo la wimbo wa gitaa uliotungwa na watu wa bara, ukarekodiwa katika santuri ndogo, ukauzwa katika maduka ya River Road jijini Nairobi, na kusikilizwa katika vilabu vya pombe na vyumba vya kupanga vya wafanyakazi.

Makala haya yanamchunguza mtunzi mmoja wa eneo hilo, Kakai Kilonzo, kiongozi wa bendi ya Kilimambogo Brothers, aliyefariki mwaka 1987 kabla ya kufikia makamo. Kilele cha kazi yake kiliangukia katika kipindi kile kile ambapo disko ilitawala kumbi za starehe duniani, yaani kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi miaka ya mwanzo ya 1980. Hoja ya makala ni kwamba katika kipindi hicho Kiswahili kiliimbwa kwa namna mbili zinazopingana. Disko ilikitumia kama pambo. Kakai na watunzi wenziwe walikitumia kama lugha ya kusemezana. Tofauti hiyo ni ya kifasihi wala si ya muziki pekee, na ndiyo inayodai kwamba wimbo wa aina hii upimwe kwa mizani ile ile inayotumiwa kupimia ushairi.

Ili hoja isielee hewani, hadhira inayozingatiwa hapa imepewa mahali: Kiandutu, mtaa wa mabanda ulio pembezoni mwa mji wa Thika.

Thika ya vitabuni na Thika ya Kiandutu

Thika ina bahati ya kutajwa katika fasihi ya dunia, lakini bahati hiyo ina kasoro yake. Kitabu kilichoutangaza mji huu ni The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley, kilichotoka mwaka 1959 na kugeuzwa mchezo wa televisheni nchini Uingereza mwaka 1981. Ni kumbukumbu za utoto wa binti wa walowezi. Thika yake ni ya shamba, nyasi na upeo wa macho. Mwafrika yumo humo kama mtumishi, kama mwongozaji, au kama fumbo.

Thika iliyofuata ni nyingine. Mji ulikua ukawa wa viwanda vya nguo, vya ngozi, vya makopo na vya vyakula, nao ukazungukwa na mashamba makubwa ya mananasi na mkonge. Watu wakatoka Murang'a, Machakos, Kitui, nyanda za magharibi na kwingineko kuja kutafuta kibarua. Wengi wao hawakupata nafasi katika nyumba zilizojengwa kwa mpango. Mitaa kama Kiandutu ikazaliwa kutokana na pengo hilo baina ya kazi iliyokuwapo na makazi yasiyokuwapo.

Jina lenyewe la Kiandutu ni ushahidi. Katika lugha ya Kikuyu, ndutu ni funza, yule mdudu aingiaye katika vidole vya miguu. Kiandutu basi ni mahali pa funza. Huxley aliutaja mji kwa miti yenye maua mekundu. Wakazi wa mtaa huu waliutaja kwa vumbi na kwa mguu usio na kiatu. Katika majina hayo mawili yamo matabaka mawili, na kila tabaka lina fasihi yake. Fasihi ya tabaka la kwanza ilichapishwa London. Ya tabaka la pili ilipigwa kwa gitaa.

Kwa mhakiki, jambo la msingi kuhusu hadhira kama hii ni lugha. Mkikuyu, Mkamba, Mluhya na Mjaluo wanaoishi ukuta kwa ukuta, wanaopanga foleni moja kwenye bomba la maji, hawana budi kuwa na lugha ya kukopeshana chumvi. Lugha hiyo ni Kiswahili, wala si kile cha Lamu au cha Unguja. Ni Kiswahili cha bara, chenye upatanisho wa kisarufi uliolegea, kilichofunzwa na kazi na jirani kabla ya kufunzwa na mwalimu. Hata serikali ilikuwa ikijongea upande huo. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Bunge litumie Kiswahili, na mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, Kiswahili kikawa somo la lazima linalotahiniwa shuleni. Hata hivyo, wafanyakazi wa Thika hawakungoja agizo. Walikuwa wamekwisha kulitekeleza kabla halijatolewa.

Mtunzi wa mpakani

Kakai Kilonzo alitoka Kilimambogo, sehemu iliyo chini ya mlima ambao katika ramani huitwa Ol Donyo Sabuk, mwendo wa kilomita zisizozidi 30 kutoka Thika. Mahali hapo ni mpaka kwa kila maana. Ni mpaka wa Ukambani na Ukikuyu, wa shamba la mkulima mdogo na shamba la mkonge, wa kijiji na kiwanda. Mlima wenyewe una jina la Kimaasai katika ramani na jina la Kiswahili midomoni mwa watu: mlima wa mbogo. Mtunzi anayekulia mahali pa namna hiyo hufundishwa mapema kwamba lugha ya mama haitoshi kusafiria.

Kakai aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Nyimbo za Kikamba zilimpa kwao. Nyimbo za Kiswahili zilimpa Kenya. Katika miaka ya 1970 na 1980 Kilimambogo Brothers ilihesabiwa miongoni mwa bendi kuu za benga ya Ukambani, pamoja na Kyanganga Boys ya Peter Mwambi na Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki. Lakini kilichomtenga Kakai na wengi wa wenzake ni uamuzi wa kuuelekeza wimbo kwa msikilizaji asiyejua Kikamba. Uamuzi huo ulikuwa na sababu ya soko, na si aibu kuisema. Santuri ya lugha moja ya kikabila ilikuwa na wanunuzi wa eneo moja. Santuri ya Kiswahili iliweza kununuliwa Kisumu, Nakuru, Mombasa na hata kuvuka mpaka. Hata hivyo, sababu ya soko haifuti matokeo ya kisanaa.

Jina la bendi ladai kusomwa kama matini. Katika baadhi ya santuri liliandikwa Les Kilimambogo Brothers. Neno la kwanza ni la Kifaransa, la pili ni la Kiswahili, la tatu ni la Kiingereza. Kifaransa kimeazimwa kwa wanamuziki wa Zaire waliokuwa wamefurika Nairobi. Orchestra Les Mangelepa ilianzishwa huko mwaka 1976, na mwaka 1978 ikaja Les Wanyika, ambayo asili yake ilikuwa Tanzania lakini nayo ikavaa neno lile lile. Kiingereza kimeazimwa kwa makundi ya Marekani na Uingereza yaliyokuwa yakisikika redioni. Katikati, kama jiwe baina ya mafiga, umesimama mlima wa nyumbani kwa jina lake la Kiswahili. Mtu angeweza kulicheka jina hilo kuwa ni kuiga kwa pande mbili. Usomaji wa makini zaidi waona kwamba vilivyoazimwa ni vitambulisho vya sarufi na vya undugu, ilhali nomino inayobeba maana haikuazimwa. Dunia imetumiwa kuupamba mlima. Mlima haukutumiwa kuipamba dunia.

Disko na Kiswahili cha mapambo

Hapo ndipo kulinganisha na disko kunapofaa. Disko ilizaliwa katika vilabu vya miji ya Marekani, na kufikia mwaka 1977, mwaka wa filamu ya Saturday Night Fever na wa wimbo wa Donna Summer uitwao I Feel Love, ilikuwa imekwisha kuwa lugha ya dansi ya dunia nzima. Msingi wake ni ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, ikigonga mapigo yote manne bila kupumzika. Juu ya msingi huo sauti ya mwimbaji hupandishwa, lakini maneno huwa machache na hurudiwa. Lengo la wimbo ni mwili wa mchezaji. Maana ya maneno huja baadaye, ikija.

Enzi hiyo haikukipita Kiswahili kando. Kundi la Boney M., lililokuwa likiongozwa na mtayarishaji Frank Farian huko Ujerumani Magharibi, lilitoa Malaika mwaka 1981. Huu ni wimbo ambao Fadhili William aliurekodi miaka 20 hivi kabla ya hapo, na ambao umiliki wake umegombewa kwa muda mrefu. Mwaka 1983 kundi hilo hilo likatoa toleo lake la Jambo Bwana, wimbo uliopata umaarufu mwaka 1982 kupitia bendi ya Them Mushrooms. Kwa hesabu ya mauzo, huenda hakuna Kiswahili kilichowahi kusikika mbali kuliko hicho.

Lakini ni Kiswahili gani? Malaika ya asili ni malalamiko ya kijana asiye na mahari. Kiini chake ni fedha iliyokosekana. Wimbo huo unapowekwa juu ya mdundo wa disko na kuuzwa kwa wasikilizaji wasioijua lugha, ufukara wa mpenzi hutoweka na kubaki utamu wa irabu. Nayo maamkizi ya Jambo Bwana tangu awali yalitungwa yakimwelekea mgeni wa hotelini. Katika hali zote mbili lugha inageuka sauti, yaani kitu cha kusikika kizuri bila ya kujibiwa. Asemeshwaye hatazamiwi kuelewa.

Wimbo wa Kakai wa Kiswahili una masharti mengine kabisa. Wimbo unaoitwa Mama Sofi, mmojawapo wa nyimbo zake zinazojulikana zaidi, watosha kuwa mfano hata kwa jina lake. Kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake ni adabu inayojulikana pwani na bara. Lakini mtaani, katika mazingira kama ya Kiandutu, adabu hiyo ilipata kazi mpya. Jina la ukoo hutaja kabila na wilaya. Jina la mama wa mtoto fulani, hasa mtoto mwenye jina la ubatizo, halitaji hata kimoja. Mama Sofi aweza kuwa jirani yeyote wa mlango wa pili. Mtunzi amechagua nafsi ambayo kila msikilizaji anaijua, na ambayo hakuna msikilizaji awezaye kusema si wa kwao. Huo ni uteuzi wa msamiati wenye hekima ya kijamii, na wala haukupatikana katika kamusi.

Fani: gitaa linalojibu

Wapo watakaokubali kwamba nyimbo hizi zina thamani kwa historia ya jamii, lakini wakakataa kwamba ni ushairi. Hoja yao kwa kawaida huegemea arudhi. Inafaa kukumbuka, basi, kwamba Kaluta Amri Abedi mwenyewe, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, alishikilia kuimbika kuwa sharti la shairi pamoja na vina na mizani. Kizazi kilichofuata, kikiwa na E. Kezilahabi katika Kichomi ya mwaka 1974, kilivunja vina na mizani. Mjadala uliofuata uliwagawa wahakiki kwa zaidi ya miaka 20. Jambo la ajabu ni kwamba pande zote mbili zilibishana juu ya karatasi. Washairi wa mapokeo walitetea kuimbika kwa mashairi ambayo mara nyingi yalisomwa gazetini. Wanamapinduzi walitetea lugha ya watu wa kawaida katika diwani ambazo watu wa kawaida hawakuzinunua. Wakati huo huo kulikuwako mashairi yaliyoimbwa kweli, kwa lugha ya watu wa kawaida kweli, wala hayakuitwa kutoa ushahidi.

Benga ina fani yenye kanuni. Wimbo hugawanyika katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya maneno: mwimbaji hutoa mstari, na gitaa la solo huufuata au huujibu kwa kuiga mkondo wa sauti yake. Sehemu ya pili ni ya ala: maneno hunyamaza, magitaa huachiwa, na mchezo hupanda. Katika benga ya Ukambani gitaa la solo huwa jembamba na la juu, na gitaa la pili hufuma nyuzi za haraka chini yake. Ngoma ya mguu hugonga kwa uthabiti ambao sikio la mchezaji wa disko halingeuona mgeni. Katika bendi ya Mwambi hasa, ukaribu huo na mdundo wa disko ni dhahiri. Benga haikuikimbia disko basi. Iliyachukua mapigo manne ya mguu ikayaweka chini ya gitaa linalosema.

Kifasihi, gitaa linalojibu ni mbadala wa kiitikio. Katika ngoma ya kijijini mstari wa kiongozi hupokewa na kundi. Mfanyakazi aliyehamia mjini ameliacha kundi lake nyumbani, na wale walio karibu naye hawajui mapokezi ya nyimbo za kwao. Gitaa linashika nafasi ya wale wasiokuwapo. Aidha, desturi ya benga ya kutaja majina ya wanamuziki, ya rafiki na ya mahali katikati ya wimbo yafanana na desturi ya mshairi wa Kiswahili kujitaja na kutaja mji wake katika beti za tamati. Lengo ni lile lile: kuweka sahihi juu ya kazi ambayo mdomo wa mtu mwingine utaichukua.

Kasoro

Uhakiki wa haki hauwezi kuishia katika sifa. Nyimbo za benga za kipindi hiki zina mipaka mitatu ambayo kazi ya Kakai haikuivuka yote.

Kwanza, mwanamke anasemwa zaidi kuliko anavyosema. Yeye ni mke anayelaumiwa, mpenzi anayesihiwa, mama anayeombolezwa. Kwamba jambo hilo halikuwa la lazima kulionyeshwa na Kalambya Sisters, waliovuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa wimbo Katelina: sauti ya mwanamke mbele ya kipaza sauti ilikuwa na wasikilizaji tele.

Pili, dhiki hutazamwa kama bahati au tabia, si kama mpango wa jamii. Mwaka 1977, huko Kamiriithu karibu na Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walishirikiana na wakulima na wafanyakazi kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia iliyowataja wenye viwanda na mashamba kama chanzo cha ufukara. Leseni ikaondolewa, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Benga ya Thika na Machakos haikuthubutu hivyo. Lakini ulinganisho huo una upande wa pili. Kamiriithu ilisema kwa Kikuyu na ilizimwa baada ya maonyesho machache. Wimbo wa Kiswahili wa Kakai, kwa kunyamazia mwajiri, uliendelea kusikika katika makabila yote miongoni mwa wafanyakazi wa mwajiri huyo. Kipi kilichofaa zaidi ni swali la wanahistoria. Mhakiki aweza kusema tu kwamba kila moja ulilipia kile ilichokipata.

Tatu, Kiswahili chenyewe. Msomaji aliyelelewa katika sarufi sanifu atakutana na upatanisho wa ngeli usiokubalika katika mtihani. Kusema kwamba ni uhuru wa kishairi si kweli, na kusema kwamba ni ujinga si haki. Ni lahaja ya kazini, yenye utaratibu wake, na mtunzi aliyeisema kwa usahihi wa waisemao hajakosea. Ambalo laweza kulaumiwa ni kwamba msamiati wake ni mwembamba panapohitajika fikira nzito, na hapo gitaa huachiwa kazi ambayo neno lingepaswa kuifanya.

Hatima ya santuri

Mwaka 1980 Sauti ya Kenya ilijaribu kuagiza kwamba asilimia 75 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kenya. Agizo hilo lilidumu kwa siku chache tu likaachwa. Malalamiko yalitoka kwa wasikilizaji waliozoea muziki wa nje na kwa wale walioona kwamba wimbo wa lugha moja haungependwa na wengine. Hoja hii ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito, na wimbo wa Kiswahili wa bara ulikuwa ndio jibu lake. Haukuulizwa. Baadaye, jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilileta amri ya kutotoka nje usiku, iliyoumiza bendi za ukumbini. Disko ya sahani, isiyohitaji kulipa wanamuziki, ikapata nafasi zaidi. Kaseti za kunakiliwa kwa wizi zikamalizia soko la santuri. Kakai alipofariki mwaka 1987, biashara iliyomlea ilikuwa nayo imo mahututi.

Kazi yake haikupotea yote. Kampuni ya Shava ya Ujerumani ilizikusanya baadhi ya nyimbo na kuzitoa upya. Ni vyema kwamba zilihifadhiwa. Lakini nchi ile ile iliyoifanya Malaika kuwa disko ndiyo iliyohifadhi benga, ilhali idara za Kiswahili za nyumbani hazikuwa zimekusanya hata maneno ya nyimbo hizo kwa ajili ya darasa.

Hitimisho

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, walitaka fasihi simulizi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Fasihi simulizi iliyoingia darasani baada ya hapo ilikuwa hasa ya kijijini: ngano, methali, nyimbo za jando na za kazi. Ya mtaani iliachwa mlangoni, kana kwamba mtu akishahamia Thika huacha kuwa na fasihi simulizi.

Makala haya yameonyesha kwamba katika miaka ambayo Kiswahili kilikuwa pambo la disko ya Ulaya, mtunzi wa Kilimambogo alikitumia kuwasemesha watu wasio wa lugha moja, kwa fani yenye kanuni zinazoelezeka na kwa uteuzi wa majina na nafsi unaostahili kuchunguzwa. Kasoro zake ni za kweli, nazo zajadilika kwa sababu kazi yenyewe ni ya kweli. Kinachohitajika sasa ni kazi ya kawaida ya idara: kukusanya santuri zilizosalia, kunakili maneno kwa uaminifu bila kusahihisha ngeli zake, kuyaeleza pamoja na gitaa lake, na kuwauliza wazee wa Kiandutu na Kilimambogo walichosikia ndani yake kabla hawajaondoka na majibu.